Frigo ya Shangazi

Frigo mpya ikifunguliwa mara ya kwanza hutoa harufu ya mpira na chuma baridi. Juzi vijana wawili waliniletea yangu, wakaisimamisha jikoni, wakaichomeka, na mmoja wao akanifungulia mlango wake kwa madaha makubwa. Harufu ikanipiga usoni. Nikawaambia, fungeni. Wakadhani nimeona kasoro. "Mama, hii ni nzima, haina hata mukwaruzo," wakaapa. Nikawashukuru, nikawatoa nje, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya ile mashine na hasira zangu, mwanamke mzima mwenye watoto wanne.

Wenzangu tuliokulia Bwiza ya Bujumbura miaka ile ya risasi, najua kila mmoja ana harufu yake. Wengine mnasema mkisikia ndagala zikikaangwa machozi yanawatoka. Wengine ni mafuta ya taa, wengine ni mvua juu ya mabati. Mi ni frigo, na wala silii. Mi nikisikia harufu ile natafuta mtu wa kugombana naye, na mtu mwenyewe hayupo.

Frigo ile ya kwanza ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Saidi kwa jina la mwanawe. Duka lake lilikuwa mbele ya parseli, kiwanja chetu cha ukoo, limeelekea barabara. Mama na mi tulikaa chumba cha nyuma, karibu na choo. Baba alikuwa fundi wa magari. Asubuhi moja alitoka kwenda kutengeneza kamioni huko Kamenge, na hakurudi, na nyinyi mnajua kwamba siku zile mtu asiporudi hakuna aliyeulizwa. Shangazi alisema mama ndiye aliyemsukuma atoke kwa sababu unga ulikuwa umekwisha ndani. Hakutufukuza, hilo nampa. Lakini alikuwa akitutazama namna mtu anavyomtazama mgeni aliyevunja kitu na hajakubali.

Halafu mama akaanza kukauka. Alikunywa maji jagi zima bila kupumua, akarudi kuchota lingine. Alikula na bado mwili ukapungua, mpaka kanga aliyokuwa akiifunga mara moja ikawa inamzunguka mara mbili. Chooni, mahali alipojisaidia, sisimizi walijipanga kama wamealikwa. Majirani walipita wakinong'ona kwamba anakwisha, ni ile ugonjwa, na wote tulijua ile ugonjwa ni ipi, hata sisi watoto ambao hatukujua inapatikanaje. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akatikisa kichwa akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mi nikaichukua methali ile kama ilivyo. Nikaanza kuangalia nguoni mwetu ni nani.

Aliyetuokoa alikuwa Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa akipita na beseni la samaki wa ndagala kichwani. Siku moja aliomba choo. Akatoka, akaliacha beseni chini, akamtazama mama kuanzia miguu hadi macho.

"Mama Mwajuma, ile sisimizi nimeiona. Unakojoa sana?"

Mama akaona haya. "Sana."

"Na kiu?"

"Usiseme."

"Mi pia niko na hii maneno mwilini toka nikiwa Uvira. Kesho tutaenda wote kwa masista. Usilie. Mutu analia akishajua anaumwa nini, si mbele ya kujua."

Dispanseri ya masista ilikuwa na benchi refu la mbao chini ya ukuta wa kijani, na juu ya benchi hilo asubuhi za Jumanne walikaa wagonjwa wa sukari. Wengi walikuwa wanawake: wa Bwiza, wa Musaga, Waislamu na Wakristo, wa kabila hili na wa lile, na mtaani wengine wasingepeana hata mkono. Sista mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, na hakubembeleza mtu. Alimtoboa mama kidole, akaangalia, akasema ugonjwa huu hauponi ila unafugwa, na asiyeufuga unamla. Kisha akampa chungwa na sindano yenye maji, ajifunzie kudunga. Mama alilidunga chungwa lile mpaka likavuja kila upande. Wenzake wa benchi walimcheka, wakampigia makofi, wakamwonyesha mapaja yao yenye alama. Nilimwona mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu baba apotee.

Mashauri ya Sista nayajua kwa moyo hadi leo. Dunga paja la kulia, kesho la kushoto. Ukishadunga, ule, usichelewe. Usitembee miguu mitupu, kidonda kidogo kitakukata mguu. Usifunge Ramadhani, Mungu wako hana haja na maiti yako. Chai ya sukari, Fanta, asali, vyote wacha. Lakini ukitetemeka, jasho likakutoka, kichwa kikaruka, basi upesi sana utie kitu kitamu mdomoni, chochote, sukari, Fanta, ama sivyo unalala huamki. Mi nilikuwa nimekaa sakafuni nikiyasikiliza maneno hayo, na akili yangu ya miaka tisa ikagoma. Sukari itamuua, na sukari itamwokoa. Nikamwona Sista ni mtu asiyejua anachosema.

Dawa ilitaka baridi. Nani Bwiza alikuwa na frigo? Mama akaenda dukani, akampigia shangazi goti, akamwambia ana vichupa vya dawa, vinataka kukaa baridini. Hakumtajia ugonjwa. Aliogopa kwamba jina lolote atakalolitaja, mtaa utalibadilisha liwe lile jina jingine. Shangazi hakuuliza sana. "Weka nyuma ya Fanta," alisema. "Na huyo mutoto asinichezee mulango." Basi kila asubuhi nilipewa kazi ya kwenda kuleta kichupa na kukirudisha. Nilikuwa naingiza kichwa chote humo ndani. Mpira, chuma, maji ya barafu, maganda ya limau. Nilikuwa naipenda harufu ile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ramadhani ikaingia. Mama hakufunga. Alikula uji wake mchana, amejificha nyuma ya mlango, na harufu ya uji haijifichi. Watu wakaanza kumwona kafiri juu ya kuwa mgonjwa. Halafu ikaja Idi, na Idi ile ilikuwa ya shida. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, petroli ilipimwa kwa chupa, na sukari ilikuwa haionekani mjini. Shangazi alikuwa amefunika akiba yake ndani ya kopo miezi mingapi sijui. Siku hiyo aliitoa yote. Aliwaalika wanawake wa ukoo na wa jirani, akapika chai kwenye birika kubwa, tamu ya kukwaruza koo, kwa heshima ya Idi na kwa heshima ya kaka yake aliyepotea.

Nyinyi wa kwetu mnajua, lakini watoto wenu labda hawajui tena. Bujumbura mgeni hapewi kinywaji hivi hivi. Fanta hufunguliwa mbele ya macho yake. Chai na pombe, mwenye nyumba huonja kwanza, akameza ukaona, ndipo akukabidhi. Ni adabu, na ni kiapo kwamba hakukuwekea kitu. Na ukishaonjewa hukatai. Kukataa kikombe kilichoonjwa ni kumwambia mtu mbele ya watu wote kwamba anaua kwa sumu, na kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Watu wamehama mitaa kwa sababu yake.

Shangazi alimimina, akaonja, akameza, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole, akampa mama kwa mikono miwili. "Shika, wifi. Idi mubaraka."

"Ahsante, wifi. Lakini unisamehe. Mi chai ya sukari siwezi. Muganga amenikataza."

"Muganga gani anakataza mutu chai ya Idi?"

"Sista wa dispanseri. Niko na ugonjwa wa sukari."

Halafu mwanamke mmoja akapasuka kwa kicheko. "Ala! Ugonjwa wa sukari! Na hiyo sukari iko wapi? Sisi tunaitafuta mujini hatuioni, we imekujaa mwilini?" Wote wakacheka, wakapigana mabega. Shangazi hakucheka. Alikirudisha kikombe mdomoni, akapiga funda kubwa, kila mtu akaliona likishuka kooni, akakinyoosha tena.

"Nimeonja mara mbili. Unataka nionje mara ngapi?"

"Si hivyo, wifi."

"Basi kunywa."

"Siwezi, wifi. Haki ya Mungu, siwezi."

Shangazi akasimama, akaenda mlangoni, akaimwaga chai ile kizingitini, na sukari yake yote. Wanawake wakashika vifua. "Umekula wali wangu tangu kaka yangu apotee," akasema, "leo chai yangu ndiyo ina sumu. Sawa. Nimesikia."

Mi nilikuwa nimekaa mkekani na kikombe changu, na kikombe kilikuwa kitupu, nimekilamba hadi chini. Mama yangu hakuwa mwongo. Lakini maneno yake ya sukari hata watu wazima walikuwa wameyacheka. Kwa hiyo nikajua, kwa ujuzi ule wa mtoto usiotikisika, kwamba mama ameijua sumu na anaona aibu kuitaja. Ndiyo maana anakonda. Ndiyo maana wanasema kikulacho ki nguoni. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikatia kidole kooni, nikaitapika Idi yote karibu na choo. Nilipofuta mdomo nilikuwa nimeshaapa kwamba nitamlipa shangazi.

Siku ya pili yake, Jumanne, nilikwenda dukani kuchukua dawa. Nyuma ya Fanta hapakuwa na kitu. Shangazi alikuwa anahesabu mishumaa, hakuinua uso. "Dawa yenu iko nje. Frigo yangu ni ya watu wanaoniamini." Nilivikuta vichupa juu ya bati la banda la kuku, jua la saa nne likiviwakia. Nilipovishika vilinichoma mkono. Kumbe vilikuwa vimekaa hapo tangu jana.

Tuliwahi dispanseri tukikimbia. Sista alikinyanyua kichupa mwangani, akakitikisa kidogo, akavuta pumzi. "Hii imekufa," akasema. "Na nyingine sina. Gari la dawa halijafika, na halijulikani litafika lini." Mama akakaa kwenye benchi. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama bila dawa atafika Jumanne ijayo, na Sista, ambaye hakubembeleza mtu, akatazama dirishani.

Mama Furaha ndiye aliyeanza. Alifungua kitambaa kilichokuwa kifuani mwake, akatoa kichupa chake. "Chota humu, Sista. Kidogo. Ubakishe ya kwangu." Mwanamke wa Musaga aliyekuwa pembeni, ambaye tangu tuanze kuja hakuwahi kutusalimia, akatoa chake pia. Halafu mwingine. Sista aliangalia kila kichupa kuhakikisha ni dawa ya aina moja, akachemsha chupa tupu, akachota kwa kila mmoja, kidogo kidogo. Mmoja tu alikumbatia mkoba wake akageukia ukutani. Alikuwa na mtoto nyumbani anayeumwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo simlaumu. Namlaumu kidogo.

Mama Furaha alitufundisha na kuhifadhi. Chukua chungu kikubwa, weka mchanga, weka chungu kidogo ndani yake, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini ambapo upepo unapita. "Mi sina frigo toka nizaliwe," alisema, "na niko hapa naongea." Kazi ya kumwagia maji ikawa yangu. Nilikuwa napeleka kiganja kwenye mdomo wa chungu na kusikia ubaridi unanijibu.

Na kiapo changu sikukisahau. Ijumaa moja, shangazi alipokwenda msibani na kumwacha Saidi akisinzia dukani, nilitambaa nyuma ya frigo nikachomoa waya. Nikaurudisha jioni kabla hajarudi. Joto la Bwiza mnalijua. Samaki wa kuuza waliharibika, maziwa yakaganda, barafu za watoto zikawa maji ya rangi. Shangazi alilaani umeme mpaka sauti ikamkauka. Mi nilikuwa nimesimama uani nikisikiliza kila tusi kwa raha. Wengine wakifika hapa katika hadithi zao husema wanajuta. Mi sijuti. Laiti ningeuchomoa na kesho yake.

Kisha ikaja asubuhi ile. Mama alikuwa ameshadunga, maji ya uji yako motoni, mara milio ikaanza upande wa Kamenge, mizito, halafu ikasogea. Tulizima moto, tukalala chini. Milio haikukoma. Saa zikapita. Kutoka chumbani hadi kwenye jiko la uani ilikuwa hatua chache, lakini risasi zilipita juu ya mabati zikiimba na mama alinishika mguu nisitoke. Kipande cha sukari alichokuwa akikifunga kwenye ncha ya kanga alikuwa ameshakitumia wiki iliyotangulia, na kingine hatukupata. Halafu mkono wake mguuni mwangu ukaanza kutetemeka. Nikadhani ni woga. Nilipomgeukia, jasho lilikuwa linamtiririka usoni, na macho yalikuwa yanatazama mahali nisipopaona mi.

"Mwajuma, mufungulie baba yako," akasema. "Anagonga mulango."

Hapakuwa na mtu mlangoni. Hapo ndipo sauti ya Sista ikaniingia kichwani, ile ya kuamrisha. Kitu kitamu, upesi, ama sivyo analala haamki. Nikainuka nikakimbia uani nimeinama, nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma.

Duka lilikuwa limefungwa mbele na ndani kulikuwa na watu waliokimbilia humo: fundi cherehani wa jirani, wanawake wawili miongoni mwa wale wa chai ya Idi, na Saidi. Shangazi alikuwa amekaa kitini mbele ya frigo. Nikamwambia, "Shangazi, naomba Fanta moja. Mama anakufa."

Aliweka mkono juu ya frigo. "Fanta yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mama yako alisema mi ninaweka sumu. Leo sumu yangu imekuwa dawa?"

"Sista alisema akitetemeka—"

"Akuje mwenyewe. Akuje aseme mbele ya hawa watu kama Mama Saidi ni murozi ao si murozi. Halafu nitamupa Fanta, nitamupa hata mbili."

"Hawezi kusimama, shangazi."

"Basi atambae."

Fundi cherehani akasema, "Mama Saidi, mupe tu mutoto, hii si siku ya maneno." Wale wanawake walitazama kucha zao. Saidi alitazama chini. Na shangazi akalirudia, polepole, ili nilielewe vizuri. "Atambae."

Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye siku ile, najua hakuwahi kutuwekea sumu. Alikuwa mwanamke aliyetukanwa mbele ya watu, aliyempoteza kaka, aliyemwaga sukari yake ya mwisho kwa hasira. Yote hayo nayajua, nimeyapima, na hayapunguzi kitu. Mama yangu alikuwa anakufa hatua kumi kutoka kwenye kile kiti.

Niliruka nikavuta mlango wa frigo. Akanishika mkono. Nikamng'ata. Sikumng'ata kama mtoto anayetaka kuachiwa. Nilimng'ata kama mtu anayekula, mpaka nikasikia chumvi mdomoni, na akapiga ukelele uliozidi risasi. Nilitoka na chupa moja ya rangi ya machungwa, nikavuka ua sikuinama tena. Nikaifungulia kwenye komeo la mlango wetu, kizibo kikaruka na kipande cha kidole changu.

Na hapo, wenzangu, nikasimama. Mama alikuwa chini, midomo imekauka, ananiita jina la mama yake. Mkononi nilikuwa na dawa aliyoamuru Sista, na ilikuwa imetoka katika frigo ya mtu ambaye mi niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua linachomoza juu ya milima, kwamba anatuua. Hapakuwa na mtu mzima wa kuuliza. Basi nikafanya kinachofanywa kwetu. Nikaonja kwanza. Nilipiga funda zima, nikalimeza, nikakaa chini karibu ya kichwa cha mama nikingoja tumbo likatike. Nilisema shahada, yote, kama nilivyofundishwa madrasa. Nilijiambia nikianguka, mama asinywe. Tumbo halikukatika. Nilikuwa bado hai, na niliogopa kungoja zaidi.

Nikamnyanyua kichwa nikamtilia, tone kwa tone, nyingine ikimwagika shingoni. Alikohoa. Akameza. Akameza tena. Jasho likaanza kukauka, na baada ya muda macho yake yakarudi kutoka kule yalikokuwa, yakanikuta mi, na damu mdomoni, na chupa mkononi.

"Umepigwa?" akauliza.

"Apana."

"Hiyo damu ni ya nani?"

"Ya shangazi."

Mama akafumba macho. Nilidhani anasikitika. Mpaka leo naapa kwamba alitabasamu.

Mwezi ule tulihama. Mama Furaha alitupatia chumba karibu na chake, na tulivuka barabara tukiwa na godoro, sufuria mbili, na chungu ndani ya chungu kichwani kwa mama, ananikataza nisimshike mkono asije akayumba. Jumanne za baadaye yeye ndiye aliyewapa wagonjwa wapya chungwa na sindano. Aliwaonyesha paja lake. Aliwaambia usoni kwamba wakijisikia kulia walie hapohapo, halafu wadunge.

Nilimwombea shangazi ugonjwa wa sukari kila sala kwa miaka. Haukumpata. Alizeeka na meno yake yote, na kovu la meno yangu mkononi, ambalo aliwaambia watu ni la mbwa. Alikufa usingizini, kifo cha watu wema. Tulikwenda, kwa sababu kwetu msiba hauachwi. Mama alikwenda kwa miguu yake yote miwili, mzima, katika viatu vyake vya kufunika vidole.

Jeneza likatolewa uani. Kabla ya kuinuliwa, imamu akasimama, akatuuliza kama desturi. "Ndugu zangu, mwenye haki yoyote kwa marehemu, yeyote aliyekosewa naye, je, mumemusamehe?"

"Tumesamehe," ua wote ukaitika. Mama aliitika pamoja nao, kwa sauti iliyosikika, na nilipomtazama niliona anamaanisha. Akaniona midomo yangu imefungwa. Akanifinya chini ya kanga, kwenye nyama ya ubavu, kama alivyokuwa akinifinya nikiwa mdogo mbele za watu. "Sema," akaninong'oneza. "Sema, mwanangu, atazuiliwa kule ahera mpaka umsamehe." Sikusema.

Saidi alikuwa ananitazama kutoka kichwani mwa jeneza. Naye alikuwa na mvi sasa. Akaja mpaka tulipokaa, akachutama mbele yangu, macho yake mekundu, akaongea polepole wasisikie wengine. "Dada Mwajuma. Nilikuwepo siku ile. Najua. Lakini ni mama yangu. Nakuomba. Neno moja tu."

Nilimwonea huruma yeye, na nilimshika mkono. "Mwambie imamu aendelee, jua linapanda," nikamwambia. "Mi na shangazi tutaonana."